Jinsi ya Kubeba na Kutunza Sanamu za Bata Mzinga Ukiwa Mawindoni

Msimu wa masika wa kuwinda bata mzinga nchini Marekani huangukia zaidi Aprili na Mei, ingawa Florida hutangulia kuanza Machi. Ni wakati ambao dume hutanua mkia, huguruma alfajiri na kuzunguka akitafuta majike. Mwindaji humvuta kwa kuigiza mlio wa jike, na wengi huongeza sanamu: bata wa plastiki, sponji au kitambaa anayesimamishwa hatua ishirini hivi kutoka pale alipojificha mwindaji. Mafunzo mengi huhusu mlio. Kuhusu sanamu, mgeni huambiwa pa kuiweka tu. Namna ya kuibeba kutoka kwenye gari hadi mtini, na kuirudisha nyumbani ikiwa nzima, kila mtu huachwa ajifunze mwenyewe. Naona hilo si sawa, maana hapo ndipo penye hatari kubwa na hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Maelezo haya ni kwa ndugu walioko Marekani ambao wameshapita kozi ya usalama wa uwindaji, wana leseni ya jimbo lao, na sasa wananunua au kuazima sanamu zao za kwanza.

Unabeba kitu kinachofanana na windo

Kichwa cha bata mzinga dume wakati wa masika kina rangi tatu: nyekundu, nyeupe na buluu. Ndiyo sababu wakufunzi husisitiza kwamba mwindaji asivae rangi hizo popote, hata soksi zinazochungulia chini ya suruali au fulana ya ndani inayoonekana shingoni. Sasa mfikirie mtu aliyetii yote hayo, amevaa nguo za mabakamabaka kuanzia kofia hadi viatu, halafu begani kaning'iniza sanamu ya dume ambayo kichwa chake kimetokeza nje ya mfuko. Mwindaji mwingine aliyekaa chini ya mti tangu saa kumi na moja alfajiri, ambaye amesikia dume akiguruma upande huohuo, haoni mtu. Anaona kichwa chekundu kikipita kati ya majani. Watu wamewahi kupigwa marisau kwa namna hiyo, na si wageni peke yao.

Kwa hiyo kanuni inayotangulia zote ni hii: wakati unatembea, hakuna sehemu yoyote ya sanamu inayoonekana. Kichwa kisionekane, mkia usionekane, wala ncha ya bawa. Sanamu isiyoenea mfukoni siku hiyo inabaki kwenye gari. Katika misitu ya umma kama Daniel Boone National Forest kule Kentucky, hujui nani amekaa wapi, na hata kwenye shamba la mtu uliyeomba ruhusa, huenda ameruhusu na mwingine.

Kuna mtindo wa kutambaa uwanjani umeshika mkia wa bata uliotanuliwa, au sanamu ya dume mbele yako, ukimsogelea dume wa kweli ili aje kupigana. Video zake ni nyingi na zinavutia. Tennessee imeukataza katika maeneo ya wanyamapori yanayosimamiwa na jimbo, na mimi nakushauri usiufanye popote palipo na uwezekano wa mtu mwingine mwenye bunduki. Umejigeuza mwenyewe kuwa windo.

Soma pia kanuni za jimbo lako kila mwaka kabla hujafungasha, kwa sababu hubadilika. Alabama, kwa mfano, kuanzia msimu wa 2022 ilizuia sanamu katika siku 10 za kwanza za msimu wa masika. Sanamu zenye mota zinazotikisa kichwa au mkia zinakubaliwa katika baadhi ya majimbo na kukataliwa katika mengine.

Hatua ya 1: Chagua sanamu kwa kupima mwendo

Anza na ramani. Je, kutoka pa kuegesha gari hadi unapokusudia kukaa ni mita mia mbili za ukingo wa shamba la mahindi, au ni kilomita mbili za kupanda na kushuka vilima?

Sanamu za mwili mzima za plastiki nzito, kama zile za Dave Smith Decoys za Oregon, ndizo zinazofanana zaidi na bata wa kweli. Moja hugharimu zaidi ya dola 100. Rangi yake imepakwa vizuri, haziyumbi hovyo kwa upepo, na dume akizirukia huwa zinastahimili. Lakini zinachukua nafasi: mbili tu hujaza mgongo wako wote, na zikigongana hutoa mlio mkavu unaosikika mbali.

Za sponji ni nyepesi, hukunjwa, huingia katika mfuko wa nyuma wa kizibao cha kuwindia. Kasoro yake ni mikunjo. Ukiikunja usiku kucha chini ya kitu kizito, asubuhi utasimamisha bata mwenye ubavu uliobonyea. Za kujazwa upepo huwa ndogo kuliko zote zikiwa tupu, ila huogopa miiba. Za kitambaa chenye picha ya bata na waya wa kujikunjua, kama za Montana Decoy, ni bapa na nyembamba, zinafaa sana kwa mwendo mrefu. Ubaya wake ni kwamba dume akizunguka na kuitazama kwa upande, bata anatoweka.

Ushauri wangu kwa anayeanza, hasa kwenye ardhi ya umma: beba jike mmoja tu, wa sponji au wa kitambaa. Jike hana kichwa chekundu, kwa hiyo hatari inapungua tangu mwanzo, na dume wa masika anamtafuta huyohuyo. Sanamu ya dume kijana huweza kumkasirisha dume mkubwa na kumleta mbio, lakini iache mpaka uwe na shamba la faragha na uhakika wa nani yumo.

Hatua ya 2: Mfuko

Nunua au shona mfuko kabla ya kuongeza sanamu ya pili. Mfuko unaofaa una sifa nne.

Usiwe wa wavu. Mifuko ya wavu inauzwa sana kwa sababu ni rahisi na hukausha haraka, lakini rangi ya kichwa huonekana kupitia matundu. Kama ndio ulio nao, vika kila sanamu foronya nyeusi au ya kahawia kwanza, kisha uitie.

Usiwe na mlio. Sandarusi na turubai jipya hukwaruza kila unapopiga hatua. Mikanda ya kunatana, ile inayochanika kwa sauti ukiifungua, usiitumie kabisa. Zipu yenye kamba badala ya kishikio cha chuma ni nzuri, na kamba ya kukaza mdomo ni nzuri zaidi. Bata mzinga husikia vizuri, na dume aliyelala mtini mita mia moja kutoka kwako anasikiliza kila kitu kinachotokea chini kabla ya kushuka.

Uwe na vyumba, au uweke kitu laini kati ya sanamu moja na nyingine. Mifuko ya bei kubwa ina vyumba vyenye sponji. Si lazima ununue. Blanketi kuukuu lililokatwa vipande hufanya kazi hiyohiyo. Hata kanga au kitenge kilichochakaa hufaa sana kwa kuwa pamba yake ni laini na haina mlio, ila hapa rangi ni jambo la maisha: chagua cha kahawia, kijani kibichi iliyofifia au cheusi. Kitenge chenye nyekundu na buluu kikichungulia mdomoni mwa mfuko kinarudisha hatari ileile uliyokuwa ukiikimbia.

Na uwe na rangi ya chungwa inayong'aa upande wa nje. Hii ndiyo rangi ambayo wawindaji wote Marekani wanaitambua kuwa ni ya binadamu. Ukanda mpana ulioshonwa nyuma ya mfuko, au kizibao cha chungwa kilichofungwa juu yake, unatosha, mradi uonekane kutoka nyuma na kutoka ubavuni. Bata mzinga huona rangi vizuri, na chungwa hiyo ataiona pia. Ndiyo maana ukishakaa unaugeuza mfuko au kuukalia. Wakati wa kutembea hakuna sababu ya kuificha.

Ukimaliza, mvike rafiki au mtu wa nyumbani mfuko uliojaa, asimame umbali wa hatua arobaini nyuma ya vichaka, ainame, ageuke, apande kijilima. Mtazame kwa macho ya mtu anayetafuta bata. Ukiona hata kipande, panga upya.

Hatua ya 3: Funga usiku, si alfajiri

Fungasha nyumbani kwenye mwanga. Kama sanamu yako ina kichwa kinachochomolewa, kichomoe na ukitie kwenye soksi nene. Shingo na mdomo ndizo sehemu zinazovunjika kwanza, na kichwa ndicho sehemu yenye rangi ya hatari. Mkia unaotenganishwa uweke bapa, ukiegemea upande wa mgongo wako ambako hakuna kitu kitakachousukuma.

Vigingi vya chuma vinavyoshikilia sanamu ndivyo wapiga kelele wakubwa. Vifunge pamoja kwa mpira au kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, halafu uvitie kwenye mfuko mwembamba wa kitambaa, au kwenye kipande cha bomba la sponji wanalovishia mabomba ya maji wakati wa baridi. Ncha zielekee chini na zisikae karibu na sanamu ya kujazwa upepo. Ongeza kigingi kimoja cha akiba. Vigingi hupotea kwenye majani makavu, na sanamu isiyo na kigingi ni mzigo mtupu.

Panga kwa mfuatano wa matumizi: kitakachotoka kwanza kiwe juu. Gizani utatoa kwa kupapasa, na kadiri unavyochokora kidogo ndivyo unavyokuwa kimya.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui ni dawa ya wadudu. Masika ndiyo msimu wa kupe, na baadhi ya kupe wa Marekani hueneza ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo kujikinga ni lazima. Lakini dawa zenye DEET huyeyusha aina fulani za plastiki na rangi. Ukijipaka mikononi kisha ukashika kichwa cha sanamu, alama za vidole zinabaki pale na rangi inalainika. Nguo zinyunyizie permethrini siku moja kabla na uziache zikauke kabisa (hiyo ni ya nguo, haipakwi mwilini), na ngozini tumia dawa yenye picaridini, ambayo haidhuru plastiki. Kama DEET ndiyo uliyo nayo, vaa glovu kabla ya kugusa sanamu.

Hatua ya 4: Safari ya gizani

Fika mapema, uwe umekaa angalau nusu saa kabla mwanga haujapambazuka. Funga mlango wa gari polepole. Dume huguruma kwa kushtushwa na kishindo, na mara nyingine hunyamaza moja kwa moja.

Washa tochi ya kichwani. Wapo wanaozima ili wasionekane na bata, na kwa mtazamo wangu faida hiyo haifai kulipiwa kwa gharama hiyo. Tochi inayotembea kwa kimo cha mtu inamwambia kila mwindaji kwamba anayekuja ni mtu. Ukikaribia mti unaodhani bata wamelala, punguza mwanga na uuelekeze chini. Usiigize mlio wowote wa bata ukiwa unatembea.

Mfuko ukae mgongoni na mikanda yake miwili ikazwe, usining'inie upande mmoja. Mfuko unaoyumba hugonga miti na kunasa kwenye miiba. Katika kichaka kizito geuka utangulize bega, usiuvute mfuko kwa nguvu ukinasa. Rudi hatua moja nyuma na uunasue. Ukifika kwenye seng'enge, kwanza ondoa risasi bundukini na uilaze upande wa pili, kisha pitisha mfuko chini ya waya wa mwisho, ndipo uruke. Kuurusha mfuko juu ya waya ni njia ya haraka ya kuvunja shingo ya sanamu na kutoboa ile ya upepo.

Ukikuta mwenzako amekaa tayari, sema naye kwa sauti ya kawaida ya mtu. Usipunge mkono wala usipige mluzi. Kisha rudi ulikotoka.

Hatua ya 5: Kusimamisha

Sanamu hutoka mfukoni pale pale itakaposimama. Usiitoe ulipokaa halafu ukavuka nayo uwanja mkononi. Nenda na mfuko mzima, piga magoti, choma kigingi, vika sanamu, ondoka.

Kabla ya hapo umeshachagua mti wa kuegemea. Mti huo uwe mpana kuliko mabega yako na mrefu kupita kichwa chako, ili mgongo wako ulindwe dhidi ya mtu anayeweza kufyatua kutoka nyuma. Kutoka hapo tafuta mstari ulio wazi ambao unaona mita mia hivi bila kizuizi, kisha simamisha sanamu kwenye mstari huo, yadi 15 hadi 20 kutoka kwako. Sababu ya kuona mbali ni kwamba mwindaji mwingine akivutwa na sanamu yako, umwone yeye kabla hajakaribia kiasi cha kufyatua. Ukimwona, paza sauti, sema, "Simama, kuna mtu hapa!" kwa Kiingereza, lugha atakayoielewa, na ubaki bila kujitikisa mpaka akujibu. Kupunga mkono au kusimama ghafla katika hali hiyo ni kujitia hatarini.

Umbali huo wa yadi 15 hadi 20 una kazi nyingine. Bunduki ya marisau hufanya kazi yake vizuri ndani ya yadi 40 kwa wawindaji wengi, kwa hiyo dume anayesita nyuma ya sanamu bado yumo ndani ya kipimo. Anayetumia upinde huisogeza hadi yadi 10 au chini ya hapo.

Elekeza sanamu ya dume kijana ikutazame wewe, maana dume mkubwa huja kumkabili uso kwa uso, na hapo atakuwa amekupa mgongo akiwa ametanua mkia unaomziba macho. Jike aweza kutazama kando. Kama ardhi ni ya mawe au imeganda kwa baridi, usipige kigingi kwa jiwe. Tafuta ufa, au kizungushie kwa nguvu ya mkono. Mlio wa chuma na jiwe alfajiri unasafiri mbali mno.

Sanamu ya kujazwa upepo isijazwe nyumbani kwenye joto. Hewa husinyaa kwa baridi, na ile uliyoijaza sebuleni itakuwa imelegea kama puto la jana ukifika porini. Ijaze palepale, na jua likipanda toa upepo kidogo, la sivyo joto litapanua hewa na kuchana mshono.

Hatua ya 6: Kuilinda ikiwa imesimama

Maadui ni watatu: upepo, maji na bata wenyewe.

Upepo mdogo ni rafiki, hutikisa sanamu kidogo ionekane hai. Upepo mkubwa huizungusha duara zima kwenye kigingi, na hakuna bata duniani anayezunguka hivyo. Choma vijiti viwili vya mtini, kimoja kila upande wa mkia, kwa nafasi ya kiganja. Sanamu itacheza kati ya vijiti hivyo bila kuzunguka. Kwa sanamu ya sponji, hakikisha kigingi kimeingia chini angalau sentimita kumi na tano, au utaikuta imelala kifudifudi wakati dume anatokea.

Umande na mvua huifanya plastiki ing'ae. Manyoya ya bata wa kweli yana mng'ao wa shaba na kijani, lakini ni mng'ao wa vipande vidogo, haufanani na ubavu mzima unaomweka juani. Beba kitaulo kidogo mfukoni, na kabla jua halijachomoza, ukiwa na uhakika hakuna bata anayekuona, ipanguse. Kwenye jua kali la saa tatu asubuhi isogeze kivulini au mahali penye mwanga uliochujwa na majani. Sanamu yenye mng'ao wa kudumu huweza kupuliziwa rangi isiyong'aa iliyo wazi, nyumbani, baada ya kuijaribu kwanza chini ya tumbo.

Bata wenyewe: dume akiamini, atairukia sanamu ya dume, ataipiga kwa mabawa na kwa zile kucha kali za nyuma ya miguu. Ni tamasha kubwa, na mtu hushawishika kuliacha liendelee. Ukitaka sanamu yako idumu, na ukitaka marisau yasiingie kwenye plastiki ya dola 100, subiri dume ajitenge nayo hatua mbili tatu na ainue shingo, ndipo ulenge pale shingo inapoungana na kichwa. Ukifyatua wakati wamegusana, unaharibu sanamu na huenda ukamjeruhi ndege bila kumwua, jambo ambalo mwindaji mwenye heshima haliruhusu. Na hakikisha unajua kilichopo nyuma ya vyote viwili.

Hatua ya 7: Kuhama na kutoka

Ukitaka kuhama, tazama kwanza pande zote kwa dakika kadhaa. Mara nyingi kuna bata aliyekuja kimya, na wakati mwingine kuna mtu. Toa risasi kwenye chemba ya bunduki. Nenda kwenye sanamu na mfuko uliofunguliwa, izamishe palepale, funga mdomo wa mfuko, geuza upande wa chungwa nje, ndipo uanze kutembea. Hata kama unahama mita hamsini tu. Kwa uzito wote ninaoweza kuutia katika neno, hizo mita hamsini ndizo watu wanazozidharau.

Ukiwa umebahatika, jaza lebo na utoe taarifa ya windo kama jimbo linavyotaka kabla ya jambo lingine. Kisha kumbuka kwamba dume uliyemwua ana kichwa kilekile chenye rangi tatu, na uzito wa kilo 7 hadi 11. Mfunike na yeye pia. Usimbebe ukimning'iniza begani mabawa wazi, ingawa picha za namna hiyo ni nyingi. Na usimtie katika mfuko mmoja na sanamu: damu hukaukia kwenye rangi na kucha zake hukwaruza. Mpe mfuko wake, au mtie katika mfuko wa nyuma wa kizibao na ufunge kitambaa cha chungwa juu yake.

Hatua ya 8: Nyumbani

Sanamu isilale kwenye gari. Ndani ya buti la gari au pikapu iliyofungwa juani, joto hupindisha plastiki na kulegeza gundi ya vichwa. Itoe siku hiyohiyo, ifungue, iache kivulini penye hewa mpaka ikauke ndani na nje. Ile ya uwazi ndani igeuze tundu la kigingi liangalie chini ili maji yatoke. Sponji yenye unyevu ikifungiwa wiki moja hutoa ukungu na harufu.

Matope yaoshe kwa maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia. Nyingi zina kemikali za kung'arisha nguo nyeupe, ambazo hufyonza mwanga wa urujuanimno na kuutoa tena kama mwanga wa buluu, hivyo kitu hung'aa isivyo kawaida. Hilo linahusu foronya na vitambaa vya mfuko pia.

Sponji iliyobonyea huitikia joto la taratibu. Iweke juani saa moja, au tumia mashine ya kukaushia nywele kwa moto mdogo, umbali wa kiganja, huku ukisukuma kwa vidole kutoka ndani. Fanya pole, ukiharakisha rangi itatoa malengelenge. Matundu ya marisau kwenye plastiki yazibe kwa gundi inayobaki na ulaini kidogo ikikauka, kisha pakaa rangi ya akriliki isiyong'aa. Ya kujazwa upepo itumbukize kwenye beseni la maji utafute mapovu, ikaushe, ubandike kiraka. Rangi ya kichwa ikichubuka irudishie kwa brashi ndogo, na usizidishe nyekundu: dume kijana mwenye kichwa chekundu mno huonekana mbabe, na madume waoga humkwepa.

Kama unatumia mkia halisi wa bata kwenye sanamu, na jimbo lako linaruhusu, ukaushe umetandazwa kwenye ubao na boraksi pale nyama ilipokuwa, mpaka shina liwe gumu. Uhifadhi kwenye sanduku lake peke yake. Nondo na wadudu wa manyoya huumaliza mkia kwa msimu mmoja, kwa hiyo wengine hutia naftalini; ukifanya hivyo, sanamu zako za plastiki na sponji zikae chumba kingine, maana naftalini huweza kuzilainisha.

Kwa miezi iliyobaki, ziweke zikiwa zimefunguka, bila uzito juu yake, mahali pakavu pasipo jua. Banda la nje lina panya, na panya hupenda sponji kwa kutandikia. Kwenye kabati la nyumbani, zining'inize kwa kamba kwenye tundu la kigingi. Mwezi mmoja kabla ya msimu zishushe, hesabu vigingi, jaribu kila kichwa kwenye shingo yake, vuta mikanda ya mfuko kwa nguvu, na utazame kama ile chungwa bado inang'aa. Jua huifubaza, ikishaelekea manjano, shona ukanda mpya.